Sandwichi ya Pastrami New York: Ipi Ununue, na Utaijuaje Iliyo Nzuri

Anayeingia kwa mara ya kwanza katika deli, yaani mkahawa wa Kiyahudi wa nyama zilizokolezwa chumvi na viungo, atakuta ubao wenye sandwichi za kila namna, na katika mikahawa mashuhuri ya New York atalipa zaidi ya dola 25 kwa sandwichi moja. Kwa fedha hizo ana haki ya kujua anachonunua. Nimezila kwa miaka mingi, na hapa nitazipanga kwa kigezo ninachokiamini kuliko vyote: nyama iwe moto na ikatwe kwa mkono wakati mnunuzi amesimama pale pale. Urefu wa sandwichi, unaowavutia wengi kupiga picha, siuhesabu kabisa.

Nafasi ya kwanza naipa pastrami katika mkate wa rai, nafaka ya jamii ya ngano, pamoja na haradali tu. Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Romania katika karne ya 19 walikuja na ujuzi wa kuhifadhi nyama waliyoiita pastramă, jina lenye undugu na pastırma ya Waturuki. Kwao ilizoeleka kutengenezwa kwa bata bukini, lakini New York nyama ya ng'ombe ndiyo iliyopatikana kwa bei nafuu. Kipande cha asili hutoka chini ya kidari, kuelekea tumboni, ambako mafuta yamepishana na nyama, ingawa siku hizi wengi hutumia kidari chenyewe. Hulowekwa kwa siku nyingi katika maji ya chumvi yenye viungo, hupakwa pilipili manga na mbegu za giligilani zilizopondwa, hufukizwa kwa moshi, kisha hupikwa kwa mvuke mpaka ilainike. Rangi yake ya waridi isikutie hofu ya kula nyama mbichi, kwa kuwa huletwa na chumvi ya naitriti iliyomo katika maji hayo.

Mahali pazuri pa kujifunza ni Katz's, mkahawa ulioanza mwaka 1888, ambao uko Mtaa wa Houston, New York, kwenye kona ya Ludlow. Mlangoni utapewa tiketi. Itunze kama pasipoti, maana ndiyo inayoandikwa ulichokula na anayeipoteza hutozwa. Usikimbilie meza zenye wahudumu, bali panga foleni mbele ya mkataji. Atalichoma pande la nyama kwa uma, alitoe kwenye mvuke, aliweke ubaoni na kulikata kwa kisu kirefu, na kabla hajaijenga sandwichi atakuwekea kipande kimoja au viwili kwenye kisahani uonje. Hapo ndipo hukumu inapotolewa. Tazama ukingo: uwe mweusi kwa pilipili na giligilani, umeshikamana na nyama wala haubanduki. Shika kipande kwa vidole viwili ukiinue: kisikatike chenyewe, lakini ukikivuta kidogo kiachie mara moja. Mafuta yawe yameyeyuka yanang'aa, yasiwe meupe na ya kutafunwa kama mpira. Nyama inayohitaji kutafunwa sana imetolewa kwenye mvuke mapema, au imekatwa kwa kufuata nyuzi badala ya kuzikatisha. Mkataji akikuuliza, sema unataka yenye mafuta. Ile kavu hupoteza nusu ya ladha kabla hujafika mezani. Na bakshishi ya mkataji ni desturi nzuri.

Niliwahi kuletewa, katika mkahawa mwingine ambao sitautaja, sandwichi ndefu kama kofia, yenye vipande vyembamba kama karatasi vilivyokatwa kwa mashine asubuhi na kupashwa moto mchana. Kingo zilikuwa zimekauka na katikati mlikuwa na ubaridi. Tangu siku hiyo huwa natazama kaunta kwanza, na nisipoona kisu kikifanya kazi naagiza supu.

Mkate nao una hukumu yake. Mkate wa rai wa deli una uchachu kidogo, na hutiwa mbegu za kisibiti, ambazo harufu yake hukata mafuta ya nyama. Gamba liwe gumu kiasi cha kusikika linapotafunwa. Langer's ya Los Angeles, iliyofunguliwa mwaka 1947, hupasha mikate yake tena katika oveni kabla ya kuikata, na kwa mkate siifahamu inayoishinda. Mayonezi usiiombe, pastrami ina mafuta yake ya kutosha, na inachohitaji ni ukali wa haradali na tango la chumvi pembeni.

Nafasi ya pili ni kidari cha chumvi, yaani corned beef. Wasomaji wa Afrika Mashariki wasikichanganye na ile nyama ya kopo ya madukani: hiki ni kipande kizima, kilicholowekwa kama pastrami lakini kikachemshwa bila moshi, na ladha yake ni tulivu zaidi. Ya tatu ni ulimi, laini kama siagi, ambao naona unaonewa na wanaouogopa kwa jina. Ya nne ni Reuben, yenye kidari cha chumvi, jibini, kabichi iliyochachushwa na sosi, ikakaangwa. Ni tamu, ila jibini huficha makosa ya nyama. Bata mzinga ni wa mwisho, na sioni sababu ya kumfuata deli.

Kuna jambo ambalo Waislamu wanapaswa kulipima kabla ya kuagiza. Mkahawa wa mtindo wa Kiyahudi si lazima uwe kosher, yaani unaofuata sheria ya Kiyahudi ya chakula. Ukiona sandwichi ya nyama yenye jibini halisi, jua kwamba hapo sheria ya Kiyahudi haifuatwi, kwani hairuhusu kuchanganya nyama na maziwa. Wanaokubali nyama ya kosher kwa kutegemea aya ya Sura ya Al-Maida kuhusu chakula cha Watu wa Kitabu watafute mkahawa wenye usimamizi wa kosher, kama 2nd Ave Deli, ulioanzishwa mwaka 1954 na ambao pastrami yake inastahili safari.

Sandwichi moja hutosha watu wawili, lakini ulizeni kwanza, kwa kuwa baadhi ya mikahawa hutoza anayegawana. Kama ni ya kupeleka nyumbani, nunua nyama kwa uzito na uombe isikatwe. Iweke juu ya maji yanayochemka, ndani ya sufuria iliyofunikwa, mpaka kisu kiingie bila kusukumwa, kisha uikate kwa kuzikatisha nyuzi wakati walaji wamekwisha kukaa.