Ngome ya LEGO 10305: hatimaye vidoli visivyo na majina vimerudi

Nimekuwa nikikusanya vidoli vya LEGO, vile vijitu vidogo vya plastiki vinavyokuja na seti za matofali ya kuunganisha, tangu nianze kushika hela yangu mwenyewe, na seti niliyoisubiri kuliko zote ni hii, Lion Knights' Castle (Ngome ya Askari wa Simba), iliyotoka 2022 kampuni ilipotimiza miaka 90. Ina vipande 4,514 na vidoli 22. Bei yake Marekani ilikuwa karibu dola 400, bado hujaweka usafiri na ushuru. Ni hela ndefu. Lakini kwa mtu mzima anayependa ngome nasema nunua, na sababu kubwa ni hivyo vidoli.

Vilipoanza 1978 mada zilikuwa tatu tu: mji, ngome na anga za juu. Uso wa njano, vitone viwili vya macho, tabasamu, basi. Hakuna aliyekuwa na historia. Maharamia walipoingia 1989 ndipo tukaona ndevu, jicho lililozibwa na ndoano mahali pa kiganja, ila nani mwema na nani mwizi uliamua wewe uliyekaa nao sakafuni. Mwaka 1999 zikaja seti za filamu za Star Wars, na tangu hapo rafu zimejaa watu ambao maisha yao yameshaandikwa na wengine. Unachobaki nacho ni kurudia tukio ulilokwisha kuliona kwenye skrini.

Seti hizo za leseni, yaani zinazotumia majina na watu wa filamu au michezo kwa ruhusa ya wenyewe, zina jema lake. Rangi halisi za ngozi ziliingia kwa njia hiyo, kwa wachezaji wa mpira wa kikapu wa NBA mwaka 2003, na kwangu mimi Mwafrika hilo si dogo. Ila ngome ndiyo iliyoumia. Mfululizo wake wa kawaida wa mwisho ulitoka 2013, kisha 2016 wakaja Nexo Knights, askari wa ngome wa kisasa, na silaha za rangi ya machungwa inayopitisha mwanga, magari ya vita na katuni yao ya televisheni. Watoto waliwapenda. Sisi wa ngome za mawe tuliwatazama tu, na 2018 wakaondoka.

Sasa turudi kwenye hii. Ngome inafunguka kwa bawaba, ukiifungua unaona jikoni, ukumbi na vyumba vya juu, na pembeni kuna gurudumu la maji. Kilichonishika kabisa ni ngao. Kipanga mweusi, nembo ya kundi la askari wa ngome la mwaka 1984, amerudi akiwa amechapwa vizuri, mistari yake safi hata ukimsogeza karibu na jicho. Watu wa msituni, kundi jingine la seti za ngome za zamani, nao wamo, na kofia zao zenye unyoya, na maficho yao yapo papo hapo kwenye mwamba unaobeba ngome. Zamani wanawake kwenye seti za ngome walikuwa wa kuhesabu. Hapa anayeongoza majeshi ya simba ni malkia, amevaa deraya. Mabadiliko ya namna hii ndiyo ninayoyataka: mada ileile, dunia pana zaidi, na bado hakuna aliyeniambia malkia huyu anaitwa nani wala anagombana na nani. Kwangu yeye na watu wa kipanga ni ndugu wa baba mmoja.

Ninacholilia ni saizi. Ngome hii, na uwanja wa mji wa kale (Medieval Town Square) wa 2024 wenye vipande 3,304, ni vitu vya watu wenye mshahara na meza kubwa. Seti ndogo ya askari wanne, farasi mmoja na kipande cha ukuta, ile ambayo mtoto angeweza kuinunua kwa hela ya sikukuu, hakuna. Ikitoka, nitachukua mbili: moja ya kabatini kwangu, moja ya mpwa wangu, ambaye mpaka leo anajua ngome za kwenye filamu tu.