Boti za mfereji Bangkok, kwa macho ya mtu wa Kibirizi

Mimi nimekulia Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, pale boti za Kagunga zinapopakia watu, magunia na kuku kwa pamoja, kwa hiyo boti nazijua. Januari nilikwenda Bangkok siku tano na wifi yangu kutafuta nguo za watoto za duka letu la Mwanga. Kilichotuokolea hela kuliko kitu kingine ni boti za abiria za mfereji wa Saen Saep. Tangu nirudi watu wananiuliza hoteli na teksi tu, boti haulizi mtu, ndiyo maana naandika habari zake.

Tulianza vibaya. Wakala aliyetukatia tiketi alitupangia na hoteli, akasema iko karibu na kila kitu. Kumbe ilikuwa karibu na uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, basi. Siku ya kwanza yote iliishia kwenye teksi na foleni, jioni tuna dazeni mbili za fulana. Wifi alikaa kitandani miguu imevimba, akaniambia, "Wifi, mtaji wetu unaliwa na barabara." Kesho yake tukahama. Tulipanda treni ya uwanja wa ndege kwa baht 45 (baht ni hela ya Thailand) mpaka mwisho wa reli, Phaya Thai, kama nusu saa hivi, tukapata chumba cha feni upande wa Ratchathewi, mwendo mfupi kwa miguu hadi kituo cha boti cha Hua Chang.

Mfereji wenyewe ulichimbwa kati ya 1837 na 1840, enzi za mfalme Rama wa Tatu, ili kupitisha askari na silaha kwenda mashariki. Leo boti zinakwenda humo kilomita 18 katikati ya jiji, na wakati magari yamesimama juu ya daraja, wewe unapita chini yake. Nauli yetu ilikuwa baht kumi na kitu kwa safari. Ukifika Pratunam unabadilisha boti, tiketi usiitupe.

Boti haifungwi gatini. Inagusa, kamba inazungushwa mara moja, watu wanaruka, imeondoka. Pembeni kuna turubai la plastiki lenye kamba, na anayekaa ukingoni ndiye mwenye kazi ya kulivuta boti nyingine inapopishana nanyi, maana kuta za mfereji ni za zege na wimbi linapiga na kurudi. Ziwani wimbi lina pa kwenda, pale halina. Mara ya kwanza nilivuta nikang'ang'ania. Bibi mmoja nyuma yangu akanishika mkono juu ya kamba, akanionyesha bila neno: boti ikikaribia kituo legeza, watu wapate kupanda, ikiondoka vuta tena. Tangu hapo sikuloa.

Kondakta wetu alikuwa dada amevaa helmeti. Anatembea nje ya boti, kwenye ukingo wa upana wa kiatu, mkono mmoja kwenye kamba na mwingine unapokea nauli. Helmeti ni ya madaraja, mengine yako chini sana. Nimeona makondakta wengi ziwani, lakini yule dada nampa heshima zake zote.

Kwa mfanyabiashara mpango ni huu. Kutoka Hua Chang, kituo kimoja kwenda mashariki ni Pratunam, ambako maduka mengi yanakupa bei ya jumla ukichukua vipande vitatu tu. Ukienda magharibi unashukia Bobae, soko la jumla la nguo lililo kandokando ya mfereji, na huko ndiko tulikopata magauni ya watoto kwa dazeni. Katikati kuna Ban Khrua, mtaa wa Waislamu wa Kicham, watu wenye asili ya Kambodia na Vietnam, waliokaa hapo tangu enzi za Rama wa Kwanza. Ni wafumaji wa hariri, na Jim Thompson, Mmarekani mfanyabiashara wa hariri aliyepotelea Malaysia mwaka 1967, alikuwa akichukua hariri kwao. Nyumba yake iko ng'ambo ya mfereji, siku hizi ni makumbusho. Sisi tulifuata chakula cha halali: wali wa manjano na kuku, jamaa wa karibu kabisa wa biriani.

Kasoro zipo. Maji yananuka, mchana hasa, beba leso. Mwenye goti bovu au mtoto mgongoni asipande. Mzigo mkubwa usiupakie botini, sisi roba la magauni tulilirudisha kwa bajaji zao za tuktuk, baada ya kupatana bei kabla ya kukaa. Na usiku boti hakuna, mwisho wa wiki zinaacha mapema zaidi.

Viza shughulikia ukiwa bado nyumbani, na sindano ya homa ya manjano uchome siku kumi kabla ya safari au zaidi, kadi yake watakudai. Chumba usilipie mpaka umeona kwenye ramani ni hatua ngapi hadi kituo cha boti.

Boti hizi nazipa nyota nne, ya tano imechukuliwa na harufu. Tunarudi tena mzigo huu ukiisha, na wifi ameshasema safari hii kamba ni yake.