Siku 7 za juisi: kilo zilizopungua na kilo zilizorudi

Nilijiunga na huduma ya mlo wa juisi wa siku 7 hapa Dar es Salaam, ambayo humwahidi mteja kwamba atapungua kilo 3 hadi 5 kwa wiki moja na kwamba mwili wake utasafishwa sumu. Malipo ni shilingi 210,000, yote hulipwa mapema, na kila asubuhi kijana wa bodaboda huleta chupa 6 zikiwa bado baridi. Juisi zenyewe sina neno nazo: zilikamuliwa siku hiyohiyo, chupa zilikuwa safi, na ile ya karoti, bitiruti na tangawizi ningeinunua hata leo niinywe pamoja na chakula.

Nilianza nikiwa na kilo 84.6, na asubuhi ya siku ya nane mizani ilisoma 80.9. Ahadi ilitimia, na wateja wengi hutoa shukrani zao wakiwa wamefikia hapo. Mimi niliendelea kujipima, na baada ya wiki mbili za kula chakula changu cha kawaida, bila karamu yoyote, nilikuwa nimerudi kwenye 83.7.

Sababu inaonekana mtu akipiga hesabu. Kwa mujibu wa lebo, chupa zote za siku zilikuwa na takriban kalori 900, wakati mwili wa mtu kama mimi hutumia kama 2,100. Upungufu wa siku 7 ni kalori 8,400. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700, kwa hiyo hata kama upungufu wote ungejazwa na mafuta, nisingepoteza zaidi ya kilo moja na kidogo. Sehemu kubwa ya zilizobaki ni maji, kwa kuwa wanga ambao mwili huuweka akiba kwenye ini na misuli hushikana na maji yanayokaribia mara tatu ya uzito wake, na akiba hiyo ikitumika maji hutoka nayo, kisha hurudi mara tu mtu anaporudi kwenye ugali na wali. Kuhusu sumu, ini na figo hufanya kazi hiyo kila siku bila malipo.

Njaa na kizunguzungu cha siku ya tatu nilivivumilia. Nisichoweza kukinyamazia ni kwamba hakuna aliyeniuliza kama nina ugonjwa wowote au natumia dawa gani. Dada yangu mkubwa, anayetumia vidonge vya kisukari, alipoona nimepungua alitaka kuagiza naye, na angepokelewa kwa namna ileile. Juisi ya matunda iliyochujwa nyuzinyuzi hupandisha sukari haraka, na mgonjwa anayeacha chakula ghafla huku akiendelea na dozi ileile ya baadhi ya dawa hizo sukari yake inaweza kushuka hadi azimie. Nilimsihi asubiri kwanza azungumze na daktari wake wa kliniki, na nashukuru alinisikia.

Baada ya hapo niliacha soda mbili nilizokuwa nikinywa kila siku, ambazo kwa pamoja zina karibu kalori 300, nikawa najaza nusu ya sahani mchicha au tembele, ugali wa dona nikaupunguza, na maharage au samaki sikuviacha. Katika miezi 5 nimefika kilo 78.8. Ni mwendo wa polepole kuliko nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ambayo wataalamu wa lishe huitaja mara nyingi, lakini nimepungua karibu asilimia 7 ya uzito niliokuwa nao, kiasi ambacho tayari husaidia shinikizo la damu na sukari.

Huduma hii naipa alama 2 kati ya 5, zote mbili kwa usafi na kufika kwa wakati. Nitaiongezea siku itakapoanza kumuuliza mteja afya yake kabla ya kupokea fedha zake.