Kisa cha dola 12 kilichonifia mezani, na kile cha kuazima ambacho bado tunakicheza

Wacha nianze na hasira ndio iishe mapema. Mwezi wa tatu nilinunua mtandaoni kisa cha kuchezesha mchezo wa mezani wa kusimulia, PDF ya kurasa 48, dola 12, ukibadilisha ni kama 1,500 na kitu, nikalipa na ile kadi ya mtandaoni ya M-Pesa. Jina la kisa sisemi na waliokiuza pia siwataji, sitafuti kesi na mtu. Picha ya jalada ilikuwa kali ajabu, joka limekalia mnara, nikajiambia hapa nimepata. Nikaenda saiba nikaprinti zote 48 kwa shilingi kumi kumi, ongeza hiyo hesabu pale juu.

Kwa wenye hawajui, huu ni ule mchezo wa Dungeons & Dragons, ule Gary Gygax na Dave Arneson walitoa 1974. Hakuna skrini. Mmoja ndiye msimuliaji, wenyewe huita DM, wengine kila mtu ana mhusika wake kwa karatasi, na dadu ndio zinaamua kama upanga umeingia au umekosa. Ni kama ile hadithi hadithi, hadithi njoo ya shosho, tofauti ni kwamba wanaosikiliza ndio wanaamua sungura afanye nini, na shosho lazima awe na jibu papo hapo. Sasa kisa cha kununua ndio hicho kitabu cha shosho: kina ramani, majitu, watu wa kijijini, na nini kinafichwa wapi.

Sisi tuko Nakuru, Section 58, tunacheza sebuleni kwetu Jumapili tukitoka kanisa. Wachezaji ni wanne: binamu yangu, mdogo wangu wa kike aliye fom tatu, jirani mmoja mwalimu wa hesabu, na msee wa boda wa hapo steji ambaye alikuja siku ya kwanza kuleta unga akakaa kuangalia na hajawahi kuacha kuja. DM ni mimi kwa sababu dadu ni zangu.

Haya, kile cha dola 12. Kurasa tano za kwanza ni historia ya ufalme. Nani alimpindua nani miaka mia sita iliyopita, malkia gani alizaa na nani, na mimi mjinga nikakaa usiku mzima nasoma nikidhani itaulizwa. Haikuulizwa! Hakuna mahali popote kwa kisa mchezaji anaweza kugundua hiyo historia, hakuna mzee wa kuisimulia, hakuna kaburi lenye maandishi, hakuna kitu. Ni mwandishi alikuwa anajiandikia yeye mwenyewe.

Halafu kuna yale maneno ya kusomea wachezaji, yale yanawekwa kwa kisanduku. Ya chumba cha kwanza yalikuwa nusu ukurasa, Kiingereza kigumu kama cha mkataba wa shamba, na mimi huwa natafsiri nikisoma kwa sababu hatuchezi Kiingereza, nani atacheza Kiingereza Jumapili. Nikifika katikati msee wa boda ameshaenda jikoni kuuliza chai. Na mbaya zaidi kile kisanduku kinaambia watu vile wanajisikia, eti "mnashikwa na hofu kuu miguu inatetemeka", mwalimu akanikatiza, "Mimi sijashikwa na hofu. Nani amesema nimeogopa?" Na hapo hana makosa, mhusika ni wake.

Kilichonimaliza lakini ni kabati la vitabu. Kisa chote kinataka wapate mlango uliofichwa nyuma ya kabati, na kuupata ni kurusha dadu ya pande 20 upate jumla ya 15. Wakarusha wote wanne, wote wakakosa. Nikafungua ukurasa unaofuata kutafuta wakikosa inakuwaje, nikafungua mwingine, hakuna, kitabu kinaendelea tu "wakishapita mlango". Nikabaki na watu wanne wananitazama na stima nayo ikapotea, si utani, ikapotea palepale, sasa nasoma na tochi ya simu natafuta jibu ambalo halipo. Mwisho nikadanganya kwamba panya ametokea chini ya kabati, ndio waone kuna mlango. Mwalimu akachukua kalamu, yeye hawezi kuacha hesabu ipite, akasema kama kila mmoja anaongezewa 3 za ujuzi wa mhusika wake basi anahitaji 12 kwenda juu kwa dadu, nafasi ya kukosa ni 55 kwa 100, wote wanne kukosa ni kama 9 kwa 100, na kama kisa kina milango mitatu ya hivyo basi kukwama mahali fulani ni robo nzima. Nikahesabu baadaye, na kweli ilikuwa mitatu.

DM mmoja wa mtandaoni anaitwa Justin Alexander ana kanuni yake ya vidokezo vitatu, kwamba jambo lolote unataka wachezaji waligundue, weka angalau njia tatu za kuligundua, kwa sababu, anatania, moja wataipita, ya pili wataipuuza, ya tatu wataielewa vibaya kabla ya kubahatisha hadi wafike. Nimekuja kuisoma baada ya kuumia.

Ya ramani nitapita haraka: ilikuwa ya rangi nyeusi nyeusi, kwa printa ya saiba ikatoka kama chungu kilichoungua, na chumba nambari 9 kwa ramani ni 11 kwa maandishi. Na mwishoni kabisa, baada ya wiki tatu, anatokea mchawi mzee kutoka hewani anamuua adui mkubwa yeye mwenyewe. Binamu akauliza kwa hivyo sisi tulikuja kutazama sinema. Nikafunga laptopu.

Sasa. Kuna rafiki yangu Kisumu alikuwa na kile kisanduku cha wanaoanza cha D&D cha 2014, akaniazima, kikaja na matatu kimefungwa kwa gazeti. Ndani kuna kijitabu cha kanuni kurasa 32, wahusika watano walioandaliwa tayari, dadu sita, na kisa chenyewe cha kurasa 64 kinaitwa Lost Mine of Phandelver, kimeandikwa na Richard Baker na Chris Perkins. Picha si kali kama za ile PDF. Nikakisoma nikaona ni cha kawaida sana, majitu madogo yanaitwa goblini yameteka msafara, mgodi uliopotea, kijiji chenye majambazi. Nikasema haya twende tu.

Kugawa wahusika, mdogo wangu akapewa mchawi wa kabila la elfi, msee wa boda akauliza elfi ngapi, akaambiwa si elfu ni elfi, akasema kama si pesa basi yeye achukue yule wa upanga. Mwalimu akachukua kuhani mbilikimo, binamu akachukua mwizi.

Mwanzo ni hivi: mnaendesha mkokoteni wa mzigo, mnakuta farasi wawili wamekufa njiani, wamechomwa mishale yenye manyoya meusi. Kisanduku cha kusoma ni sentensi chache tu, nikatafsiri nikamaliza kabla mtu ashike simu. Kichakani kuna goblini wanne. Wanne tu, nikadhani ni wa kuwapashia moto. Kumbe mshale wa goblini unaweza kutoa nukta 8 za uhai, na mchawi wa ngazi ya kwanza, yaani anayeanza tu, ana 7 au 8 hivi, mdogo wangu akaanguka kabla hajafanya lolote, akanuna. Kisha mwalimu. Kisha dadu za binamu zikakataa kabisa. Msee wa boda akabaki peke yake, akapigana vizuri, akaanguka. Dakika 25, kisa kimeisha.

Jasho ikanitoka, nikarudi kwa kitabu nikijua nitakuta yale yale ya kabati. Na hapo ndio nikaona kitu ambacho sijawahi kusahau: imeandikwa, kwamba ikitokea goblini wameshinda, hawamalizi mtu, wanawaacha wamezimia, wanawaibia wao na mkokoteni, wanarudi kwa pango lao. Yaani mwandishi alikaa chini akajiuliza, je, hawa watu wakipigwa? Mstari mmoja tu. Huo mstari ni wa maana kwangu kuliko zile kurasa tano za malkia.

Kwa hivyo wakaamka hawana kitu, wakatembea hadi kijiji cha Phandalin kumwona mwenye duka, Barthen, ambaye ndiye aliyekuwa anangojea ule mzigo. Kueleza kwamba mzigo umepotea akaachiwa msee wa boda. Jamani. Alianza na salamu ndefu, akauliza watoto, akaeleza barabara ilivyo mbaya, yaani sauti ileile anaongea na kastoma kifurushi kimelowa mvua. Akapata silaha kwa deni! Hiyo ya deni haiko kwa kitabu, nilitunga mimi, lakini nilitunga kwa sababu kitabu kilikuwa kimenipa mtu wa kuongea naye, mtu mwenye duka, mwenye shida yake.

Pango la goblini nalo ndilo ningeonyesha mtu yeyote anayetaka kujua kisa kizuri kinakaaje. Sio korido moja uingie hapa utokee kule. Kuna mto unatoka ndani, kuna daraja juu na mlinzi, kuna madimbwi mawili ambayo goblini wakibomoa kingo maji yanawasomba mnaotoka chini, na hapo mlangoni kuna shimo la mbwa mwitu lenye ufa ukutani ambao ukipanda unatokea moja kwa moja kwa mkubwa wao Klarg. Binamu akaupanda. Peke yake, hajaambia mtu, akatokeza kichwa karibu na miguu ya Klarg, tukacheka hadi mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Halafu kuna goblini mmoja, Yeemik, ana mateka, na badala ya kupigana anataka biashara: mniletee kichwa cha Klarg niwape mtu wenu. Anataka ukubwa, basi. Na kitabu kinakuambia wewe DM kwamba mkishamletea atageuka adai fidia. Mwalimu akasikiliza ahadi zote akasema huyu ni mheshimiwa kabla ya kura, tusimpe kitu mpaka mtu wetu avuke upande huu. Dakika arobaini za mabishano na hakuna dadu hata moja ilirushwa. Kwa ile PDF kila jitu lilikuwa linasubiri tu kwa chumba chake kama sanamu, halina haja na lolote.

Na ile kanuni ya vidokezo vitatu, nilitafuta humu nikahesabu: ngome ya goblini ambako mwenye msafara amefungwa unaweza kuelekezwa na zaidi ya mtu mmoja, kuna mzee Reidoth kwa magofu ya Thundertree anaijua njia, kuna mzuka anaitwa Agatha unaweza kumuuliza swali moja. Ukimkosa huyu utampata yule.

Si kwamba hakina makosa. Adui mkuu, anaitwa Black Spider, hamumwoni hadi mwisho kabisa, ni jina tu linatajwa tajwa, wachezaji wangu hawamchukii, hawamjui, mimi nimelazimika kumwandikia barua za vitisho ndio wamkumbuke. Phandalin nayo ina watu wengi mno wenye majina yanayofanana, nimewabandika kwa daftari bado nachanganya. Na pale Thundertree kuna joka la kijani, Venomfang, pumzi yake ya sumu ni dadu kumi na mbili, wastani nukta 42, na watu wanaweza kufika hapo wakiwa ngazi ya tatu, wana 25 hivi kila mmoja. Hesabu fanya mwenyewe. Angalau imeandikwa kwamba akipungukiwa nusu ya uhai anaruka anakimbia, hataki kufa, na hiyo tena ni ile akili ya mwandishi niliyoipenda. Ila ningetaka onyo kubwa zaidi kwa DM mgeni, ule mtego wa kwanza pia, uweke goblini wawili ukiwa na watu wageni, mimi nimejifunza kwa machozi ya mdogo wangu.

Mgodi wenyewe, Wave Echo Cave, nimeuhamisha. Nimeuweka chini ya Menengai, ile kreta ya hapa kwetu. Wote tumewahi kupanda kule juu, wanajua mvuke unatoka ardhini, wanajua watu huenda kuomba mapangoni, na ile hadithi ya vita vya Ilpurko na Ilaikipia, Wamaasai kwa Wamaasai, wapiganaji waliotupwa kreta na eti mvuke ndio roho zao, kila mtoto wa Nakuru ameisikia. Kubadilisha kulichukua jioni moja, kwa sababu ramani ni safi na kila chumba kimeeleza nani yuko na anataka nini, majina ndio nilibadilisha. Ile ya dola 12 nilijaribu pia kuihamisha, ukitoa ule ufalme wa mwandishi hakuna kinachobaki.

Nasikia 2023 walikirudia kwa kitabu kikubwa cha Phandelver and Below, kinaenda hadi ngazi ya 12. Sijakigusa, siwezi kukisemea.

Kama unapewa kuchagua, tafuta hicho kisanduku cha 2014 hata cha mkono wa pili. Ukinunua PDF nyingine yoyote fungua zile kurasa za mfano wanazoonyesha bure, ruka picha, tafuta mahali popote pameandikwa "wakikataa" au "wakishindwa". Ukikosa, pesa yako nunulia kuku.

Jumapili hii wanaingia Thundertree. Mwalimu ameshapiga hesabu ya ile pumzi, sijui alipata wapi nambari, anasema wasimame mbalimbali. Msee wa boda anataka kuongea na joka kwanza. Na mwenye kisanduku kule Kisumu ameanza kuuliza kitarudi lini, nimemwambia matatu za siku hizi hazina nafasi.