Semina ya podikasti niliyolipia, na kabati la nguo
Nilikuwa nimeshajiambia yaishe. Lakini juzi wamenitumia ujumbe kwamba awamu mpya ya semina imefunguliwa, eti "wahi, nafasi chache". Basi ngoja niseme.

Nataka kutengeneza podikasti, yaani kipindi cha kusikiliza mtandaoni, ya majina ya kanga: nani alimvalia nani, ugomvi ukaanzia wapi. Shangazi zangu wa Tanga wana hizo habari hadi zinamwagika. Njia zilikuwa mbili, nijifunze mwenyewe kwa vya bure mtandaoni, au nilipie semina ya siku mbili pale Sinza. Nikalipia. Kiingereza cha mtandaoni kinanichosha, na nilidhani watu wa hapahapa ndio watakaojua shida ya feni na bodaboda.

Asubuhi yote mpaka chai, mwezeshaji alijisifia. Tukaonyeshwa maiki kubwa, hakuna aliyeigusa. Nikanyoosha mkono: mimi nina simu tu, na kwangu Mbagala ukizima feni unaloa, ukiiwasha inanguruma, nirekodije? Akacheka kwanza. Kisha akasema, "Mama, simu ni ya kupigia watu wa vikoba." Ukumbi ukaangua kicheko. Kijana ambaye ningeweza kumzaa! Pilau la mchana nililitafuna kama gunia.

Kesho yake nikauliza tena, maana mimi sikomi. Tangu zile kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 tunasikia habari za leseni ya TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Je, mtu wa hadithi za kanga kama mimi inanihusu? "Hayo tutayagusa mwishoni." Mwishoni tukapiga picha ya pamoja. Na swali hilo la leseni ndilo hasa nililolipia! Mambo ya kukata sauti yamejaa kila mahali, lakini la TCRA hakuna Mmarekani wa kunieleza.

Nikarudi nyumbani na hasira, nikaazima kompyuta ya mpwa wangu. Nikapakua Audacity, programu ya bure ya kurekodi na kuhariri sauti. Usiku wa kwanza nusura niitupe, kwa sababu ilikataa katakata faili la simu yangu la m4a. Kumbe inataka uiwekee kwanza kitu kinaitwa FFmpeg. Bando likaisha katikati, nikanunua jingine. Ila ilipokubali, jamani! Unaacha sekunde chache za feni peke yake kabla hujaanza kusema, unaichagulia kile kipande ili ijue kelele ni ipi, halafu unaiambia iiondoe kote. Usizidishe tu, sauti inakuwa kama ya mtu aliyezama kwenye pipa. NPR, redio ya umma ya Marekani, nao wana mwongozo wa bure wa podikasti walioandikia wanafunzi. Nimeusoma na kamusi pembeni, na hakuna mahali waliponicheka.

Nikisema semina haifai kabisa nitakuwa nimedhulumu. Jioni ya mwisho, fundi wao wa sauti alikuwa anakunja nyaya, akaniita pembeni. "Dada, usimjali huyo." Akanionyesha simu niiweke shubiri moja kutoka mdomoni, kidogo upande, ili zile P na B zisiipige kwa pumzi. Akasema nirekodie ndani ya kabati la nguo, au nijifunike blanketi, maana nguo zinameza mwangwi. Dakika tano hivi. Mpaka leo natumia maneno yake kila ninaporekodi, nimekaa katikati ya kanga zangu, mlango wa kabati wazi nusu, jasho linanitiririka.

Kwa hiyo labda nendeni, dakika tano zile mtandaoni ningezitafuta mwezi mzima. Hapana, nimeghairi. Yule fundi hakuwa hata kwenye ratiba! Alinifundisha kwa huruma yake. Kama fedha yangu ingemwendea yeye nisingeandika haya, ningemlipa mara mbili. Mwenye bando na mvumilivu wa Kiingereza aanze na vya bure. Asiyekiweza Kiingereza… hapo sina jibu, na ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu ni yeye wanayemvizia na zile "nafasi chache".

Cheti changu, wakati huohuo, "kinachapwa". Nikiuliza kwenye kundi lao la WhatsApp, mwezeshaji anaweka alama ya dole gumba.