Nimeng'oa Miguu ya Plastiki ya Pleya Yangu ya Santuri: Sikilizeni Wenyewe

Haya jamani, karibuni tena. Leo nina bisibisi mkononi na hasira kidogo. Huu ndio mguu uliokuja na pleya yangu. Nikiugonga kwa kucha, ko ko ko, mtupu! Plastiki nyembamba iliyopakwa rangi ya fedha ili mdhani ni chuma, na chini kibandiko cha sponji. Aliyeitengeneza alihangaika na kila kitu huku juu, alipofika chini akachoka.

Hii sasa ndiyo seti mpya, minne, alumini kwa nje, springi na mpira mzito kwa ndani. Vipimo nimeviweka kwenye maelezo, sivisomi. Twendeni kwenye jaribio.

Miguu ya zamani bado iko pale. Santuri ipo juu, lakini haizunguki. Nashusha sindano, taratibu... imetua. Sauti ya wastani tu, msije mkaua spika. Sasa nagonga kabati kwa kidole. Puu! Mmesikia? Hiyo imetoka kwenye spika! Mtikisiko umepanda kupitia mguu hadi kwenye sindano, na sindano haibagui: chochote kinachoitikisa inakipeleka kwenye amplifaya. Sasa weka na spika juu ya kabati hilohilo. Besi inatikisa kabati, kabati linatikisa sindano, sindano inairudisha besi kwenye spika. Ule mngurumo unaokua wenyewe ukipandisha sauti, chanzo chake mara nyingi ni hicho.

Haya, nimefunga mipya. Kidole kilekile, palepale... Ngoja nirudie. Kimya kabisa? Hapana, kuna kitu kidogo, tu, tu. Sasa ngumi. Eh! Hapo inasikika, lakini kwa mbali. Nilikuja kuiponda hii miguu, jamani, nimeshindwa.

Ila springi ina masharti. Pleya ikiwa nyepesi mno, springi haibonyei na haikusaidii kitu. Ikiwa nzito mno, inakaa chini kabisa, basi tena. Halafu mkono wa sindano nao una mtikisiko wake wa asili, kwa kawaida hupangwa uangukie kati ya hezi 8 na 12, yaani mitikisiko 8 hadi 12 kwa sekunde. Springi ikiyumba karibu na hapo, kwenye sakafu ya mbao mtu akipita tu sindano inaruka. Mwenye sakafu ya namna hiyo atundike rafu ukutani, aachane na mimi.

Na wale wanaoweka misumari ya chuma badala ya miguu, eti "inaondoa mtikisiko"! Chini ya spika iliyo juu ya zulia sawa, inaifanya isimame imara. Chini ya pleya, chuma kigumu ni njia tu ya mtikisiko kupanda. Pleya ya Technics SL-1200MK2 ya 1979 ilitoka kiwandani na miguu ya kuzuia mtikisiko, tena unaizungusha kurekebisha urefu. Kwa hiyo watengenezaji wanaweza wakitaka!

Kuna aliyeuliza kwenye komenti kama aweke miguu hii chini ya amplifaya. Ya transista? Usitupe hela. Ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka, labda, maana vyuma vilivyo ndani ya valvu vinatikisika kweli. Na bei, aisee, seti hii inakaribia bei ya sindano nzuri. Sindano yako ikiwa imechakaa, anza na hiyo.

Kilichoniudhi ni skrubu. Zilizokuja na seti ni ndefu kuliko za zamani! Zipimeni kwanza, ziwekeni sambamba hivi. Skrubu ndefu ikipenya ndani inaweza kugusa saketi, na kwenye amplifaya ndani mna umeme mkubwa. Chomoeni plagi kabla ya chochote.

Video ijayo ni ya rafu za ukutani, wanachama wa chaneli mtaiona mapema. Wengine gongeni kengele. Mimi natafuta pima maji, maana upande wa mota umeshaanza kuzama, tazameni.