Greni 150, 165 au 180: vichwa vya risasi vya kununua kwa bunduki ya .30-06 inayojikoki yenyewe

Kwenye bunduki ya bolti, mkono wako ndio unaofungua, unaotoa ganda na unaosukuma risasi nyingine ndani. Ukihisi ugumu unasimama. Bunduki inayojikoki yenyewe haikuulizi. Inachota gesi ya baruti kupitia tundu dogo kwenye mtutu, gesi inasukuma pistoni, bolti inarudi nyuma, ganda linaruka, na kufumba na kufumbua risasi ya pili imeshaingia. Kwa hiyo anayechagua risasi za bunduki hii ana mambo mawili ya kutimiza kwa pamoja: mnyama aanguke upesi bila kuteseka, na mashine imeze risasi bila kukwama wala kujiumiza. Washauri wengi madukani hukuambia la kwanza tu.

Naandika kuhusu .30-06, yaani saizi ya risasi, kwa sababu ndiyo ninayoitumia hapa Texas, nikinunua vichwa na kuzijaza risasi mwenyewe, katika Browning BAR, ile ya uwindaji iliyotoka mwaka 1967 kwenye kiwanda cha FN huko Herstal, Ubelgiji. Si ile BAR ya kijeshi ya Vita vya Kwanza, ingawa majina yamefanana. Wanyama ninaowafikiria ni kulungu wa mkia mweupe, nguruwe pori ambao wenye ranchi wanaomba wapunguzwe hata na asiyekula nyama yake, na mara mojamoja elki, yule jamaa mkubwa wa kulungu, wa milimani.

Kabla ya pesa kutoka mfukoni, jua sheria ya jimbo lako. Pennsylvania hairuhusu raifo ya kujikoki kwa kulungu. Colorado inaruhusu, lakini risasi zilizo kwenye magazini na chemba zisizidi sita kwa jumla. Na ndugu zangu mlioko Marekani kwa viza ya muda, ya masomo au ya kazi: sheria ya shirikisho inawakataza kushika bunduki na hata risasi zenyewe, isipokuwa kwa vighairi vichache, na kinachowahusu wengi ni kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu hahusiki na katazo hilo.

Uzito wa kichwa hupimwa kwa greni, na greni moja ni kama gramu 0.065. Risasi za kawaida za kiwandani za .30-06 hutoka mtutuni hivi: greni 150 kwa takriban mita 887 kwa sekunde, 165 kwa mita 853, 180 kwa mita 823, na 220 kwa mita 735. Nguvu zao zinapotoka zinakaribiana sana, zote ziko kati ya jouli 3,800 na 3,950. Basi anayekuuzia uzito mkubwa kwa hoja ya "nguvu zaidi" hajapiga hesabu. Kinachobadilika ni jinsi kichwa kinavyoingia mwilini, kinavyopanuka na kinavyotoka.

Nafasi ya kwanza naipa greni 165, bila kusitasita. Kinakwenda kasi ya kutosha, kinapenya bega la kulungu, na tundu la gesi la bunduki nyingi za .30-06 linakifurahia. Kwa kulungu peke yake, Hornady InterLock au Sierra GameKing vinatosha, tena huuzwa kwa bei nafuu, boksi la vichwa 100. Ukitaka kimoja cha msimu mzima, kuanzia kulungu hadi elki, ongeza pesa uchukue Nosler AccuBond, ambacho kiini chake kimeunganishwa na gamba lake la shaba hivyo hakimeguki kikigonga mfupa. Chenye ncha ya plastiki kina faida nyingine ambayo mwenye bolti haioni sana: ncha laini ya madini ya risasi hupondeka inapogongwa ndani ya magazini na kwenye mlango wa chemba. Nimetoa magazini jioni nikakuta ncha za risasi za chini zimekuwa butu kama penseli ya mtoto wa darasa la kwanza.

Nafasi ya pili ni greni 150 cha shaba tupu, mfano Barnes TTSX. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha shaba cha uzito uleule huwa kirefu zaidi na hula nafasi ndani ya ganda. Ndiyo sababu ukihamia shaba unashuka daraja moja la uzito, na hupotezi kitu: kichwa hakimeguki, kinabaki na karibu uzito wake wote na kinatoka upande wa pili. Kalifonia wameshalazimisha risasi zisizo na madini ya risasi kwa uwindaji wote tangu Julai 1, 2019. Mimi nilihamia kwa sababu ya watoto. Mwaka 2008 mamlaka za North Dakota ziliwaambia waliokuwa wakigawa chakula kwa wahitaji watupe nyama ya kusaga ya kulungu iliyochangwa na wawindaji, baada ya kukutwa na vipande vya madini ya risasi. Nyama ninayosaga ni ya sufuria la nyumbani kwangu. Kingekuwa nafasi ya kwanza kama si bei, na kama bunduki zote zingekilenga vizuri. Nyingine hazikipendi, na utalijua hilo baada ya kununua boksi.

Ya tatu ni greni 180, na hapa nachagua Nosler Partition. John Nosler alikibuni baada ya risasi zake kushindwa kumwangusha musi, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, huko British Columbia, Kanada, mwaka 1946. Ndani kina ukuta wa shaba unaogawa kiini mara mbili, nusu ya mbele inapanuka na ya nyuma inaendelea kupenya. Kwa elki dume wa kilo 300 sina neno juu yake. Kwa kulungu wa Hill Country, eneo la vilima hapa Texas, ambaye mara nyingi hafiki kilo 70, ni kizito kuliko inavyohitajika, na bega lako litalisikia.

Greni 150 cha kawaida, chenye kiini cha madini ya risasi na gamba jembamba, kinashika nafasi ya nne. Ndicho cha bei ya chini na ndicho utakachokikuta kila duka. Kwa mita 150 na zaidi, kikipigwa nyuma ya bega, kinafanya kazi safi. Ila wengi wetu tunakaa kibandani mita 70 kutoka kwa chambo, na kwa umbali huo kikigonga mfupa kinapasuka, nyama ya mkono mzima inajaa damu na kutupwa. Kinunue kwa mazoezi.

Greni 220 cha pua ya mviringo acha.

Sasa kujijazia risasi mwenyewe. Wazee wa magobori waliita kushindilia, na neno hilo bado linafaa, maana kazi ni ileile: ganda, fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti, kichwa. Wanaojijazia kwa ajili ya bolti wana uhuru ambao sisi hatuna.

La kwanza ni baruti. Baruti inayoungua polepole huacha shinikizo kubwa likiwa bado lipo kichwa kinapopita tundu la gesi, na pistoni inapigwa kwa nguvu isiyotarajiwa. Mwenye M1 Garand ya .30-06, bunduki ya zamani ya jeshi la Marekani, ndiye aliye hatarini zaidi: kichwa kizito pamoja na baruti ya polepole hupinda fimbo inayoendesha bolti yake. Garand imezoea vichwa vya greni 150 hadi 168 na baruti za mwendo wa kati kama IMR 4895 na IMR 4064. BAR ya uwindaji ni mvumilivu zaidi, kwani imeundwa kutumia risasi za kiwandani za uzito wote wa kawaida. Hata hivyo mimi hubaki kwenye baruti za kati. Kipimo sikuandikii hapa. Nunua kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa kichwa unachotumia, anza na kipimo chake cha chini, na usimfuate rafiki anayekuambia "mimi huweka kiasi hiki".

La pili ni ganda. Bolti ya mashine hii haina mkono wa kulilazimisha ganda lililovimba liingie. Lirudishe umbo lake lote, si shingo tu. Wengi hununua dai (kifaa cha kubania ganda) yenye kitako chembamba, inayobana zaidi sehemu ya chini ya ganda. Pima urefu: ganda la .30-06 lisizidi milimita 63.35, na likizidi likatwe. Risasi nzima isizidi milimita 84.8, la sivyo haitakaa kwenye magazini.

Fataki iingie hadi izame kidogo chini ya usawa wa kitako. Kwenye bunduki kama Garand, ambayo pini yake huelea na hugusa fataki bolti inapofunga, fataki iliyochomoza inaweza kulipua risasi kabla hujagusa kifyatuo. CCI hutengeneza fataki ngumu zaidi, namba 34, kwa ajili ya bunduki za namna hiyo. Mimi hupitisha kidole kwenye kila kitako, risasi moja baada ya nyingine, hata zikiwa mia.

Na shingo ya ganda ishike kichwa sawasawa. Risasi ikisukumwa ndani kwa kishindo, kichwa kilicholegea hurudi nyuma, nafasi ya baruti inapungua, shinikizo linapanda. Mwaka wangu wa kwanza sikulipima hilo. Ganda moja lilitoka na fataki iliyobapa kabisa, na nikabomoa boksi zima nililokuwa nimelijaza wiki ile. Siku hizi, nikiwa uwanjani, mtutu ukielekea kwenye shabaha, naipima risasi moja, naiacha bolti iivute kutoka kwenye magazini, naitoa na kuipima tena. Urefu ukipungua, narudi mezani.

Ukienda dukani mara ya kwanza, usinunue vichwa mia tano vya aina moja. Chukua boksi moja la greni 165 na moja la shaba ya 150, jaza kumi za kila aina, zipige kutoka kwenye magazini iliyojaa na si mojamoja kwa mkono. Angalia kundi kwenye shabaha, kisha geuka uokote maganda. Yakiwa yametua karibu karibu, midomo ikiwa mizima, umeipata. Yakiwa yametawanyika mbali na midomo imebonyea, punguza baruti au badili aina yake kabla hujafikiria msimu wa Novemba.